Sare ya Binti Asiyesoma

Nilishona baraza moja na Mukandekezi pale Biryogo, mtaa wa Waislamu wa Kigali, kwa miaka mingi, hata wateja wageni walidhani ni mke wangu. Si mke wangu. Mke wangu ninaye, na maneno yake yananitosha. Mukandekezi alikuwa mjane wa rafiki yangu Usumani, dereva wa lori aliyefia ajalini kwenye barabara ya Rusumo, akamwachia nyumba ya vyumba viwili na binti mmoja, Uwase. Cherehani yake ilikaa kulia kwa mlango, yangu kushoto, na katikati ilikaa pasi ya mkaa tuliyoigombania kila asubuhi. Mimi nilishona suruali na makoti. Yeye alishona sare za shule, yale magauni ya buluu ya wasichana wa msingi. Nikisema alikuwa hodari simpaki mafuta, maana alikuwa pia mbishi, na mtu mbishi sifa zake hunitoka kwa shida.

Uchovu wa kazi naujua. Mgongo unauma, macho yanawasha, unalala, asubuhi unaamka mtu tena. Uchovu wa Mukandekezi haukuwa huo. Yeye alichoka kwa kusikiliza. Gari likifunga breki kwa nguvu barabarani, mguu wake ulisimama juu ya pedali. Kishindo kikisikika upande wa sokoni, hata kama ni mtu ameangusha pipa, aliinua kichwa akahesabu nani yuko nyumbani na nani yuko nje. Na aliyekuwa naye wa kumhesabu ni mmoja tu.

Vita vilipoanza Oktoba ya mwaka wa tisini, bariyeri, vile vizuizi vya askari barabarani, ziliota mjini kama uyoga. Huwezi kwenda kununua uzi bila kusimamishwa na askari akakuambia toa kitambulisho. Na kitambulisho cha nchi yetu, kwa yeyote asiyekijua, kina mstari wa kabila, nao ndio askari anaoutazama kwanza, kabla hata ya picha. Sisi wa Biryogo tulikuwa tumezoea kuitana Waislamu, basi. Nani Mhutu, nani Mtutsi, hayo hatukuulizana tukila pilau ya Idi. Barabarani waliuliza. Mukandekezi kitambulisho chake kilisema Mhutu, akapita kila mahali bila shida. Usumani alikuwa Mtutsi, na mtoto huandikwa kabila la baba yake. Kwa hiyo siku Uwase atakapoandikwa, mama atapita na binti atawekwa kando. Mukandekezi alilielewa hilo tangu wiki ya kwanza ya vita, wakati majirani Watutsi walipokuwa wakichukuliwa na kufungiwa kwenye uwanja wa mpira, na hakulisahau hata siku moja.

Sheria inasema ukifika miaka kumi na sita unakwenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kuchukua kitambulisho. Chini ya hapo wewe ni mtoto, na mtoto haulizwi kitu barabarani. Uwase alifika kumi na sita. Mama yake akakaa kimya. Mwezi ukapita, na mwingine.

"Utampeleka lini?" nilimuuliza.

"Kumpeleka wapi?"

"Mukandekezi, usinichezee akili."

"Baba Kaliza, shona suruali yako," alisema. "Mtoto hana kabila njiani. Mimi nataka mtoto wangu awe mtoto."

Maana Uwase aliweza kuwa mtoto, kwa macho ya watu. Alikuwa mfupi kama mama yake, mwembamba, uso wa mviringo, sauti ndogo. Alikuwa amemaliza shule ya msingi, na nafasi za sekondari zina wenyewe, basi akakaa nasi barazani akitarizi. Hapo sasa ndipo ningetaka mumwone. Mikono yake ilikuwa inapanga shanga kwenye kitambaa bila yeye kuangalia, huku anacheka na wapita njia. Mimi nina binti, Kaliza, nampenda sana, lakini Kaliza ukimpa sindano anajichoma.

Kipaji kama hicho hakifichiki. Siku moja alikuja bibi mmoja aitwaye Béatha, mwenye duka la nguo za harusi kule Gisimenti. Alikuja kutengenezewa koti la mumewe, akaona kifua cha gauni ambacho Uwase alikuwa akikipamba kwa ajili ya jirani. Akalisahau koti.

"Nani kafanya hii?"

"Mimi, madamu."

"Wewe, karibu kwangu. Mabibi harusi wananilia kila siku, sina mtu. Kuja kesho."

Mukandekezi alijibu kabla binti hajafungua mdomo. Akasema hapana, Gisimenti ni mbali, njiani kuna bariyeri, kwanza huyu ni mtoto. Béatha akamtazama Uwase juu mpaka chini, akacheka kidogo, akaacha jina la duka.

Siku zilizofuata nilitamani niwe na baraza yangu peke yangu. Uwase hakuwa na makelele. Angalau angepiga kelele tungezoea. Alikaa tu na mikono mapajani. Mama akimpa vifungo ashone, anashona, anavirudisha, anakaa tena. Jioni moja akasema taratibu, macho chini: "Mama, unanilinda nisife. Mimi nashukuru. Lakini sasa siishi pia."

Mukandekezi alifunika cherehani yake. Asubuhi iliyofuata alikata kitambaa cha buluu.

Nilidhani ni kazi ya mteja. Alipomaliza alimwita Uwase, akamvisha, akaubana mshono wa kifua kwa pini mpaka kifua kikalala. Akachukua wembe, akamnyoa kichwa chote kama wanavyonyolewa wanafunzi. Akamtundikia mfuko wa shule begani. Mbele yangu alisimama msichana wa darasa la sita, na ndani ya mfuko palikuwa na mkasi, sindano na shanga.

"Nenda kwa Béatha," alisema. "Askari akikutazama, tazama chini. Akikuuliza, unakwenda shule."

Nilikasirika, na nilimwambia. Nilisema huyu ni msichana ambaye kesho kutwa watakuja kumposa, unamvalisha nini? Akaniambia kama nina njia bora niiseme. Sikuwa nayo, na hicho ndicho kilichozidi kunikera.

Ikawa hivyo. Zaidi ya mwaka mzima binti aliyeshona magauni ya harusi ya nusu ya Kigali alikwenda kazini amevaa kama mtoto wa shule. Alipanda minibasi, akashuka na abiria wenzake, akapita bariyeri ya Kimihurura kichwa chini, akafika Gisimenti, akabadilisha nguo chumba cha nyuma. Béatha alisema mabibi harusi wageni wakimkuta hajabadilisha walikuwa wakimtuma maji ya kunywa. Kisha wanamwona anashika mkasi, wanapigwa na butwaa. Tulicheka. Uwase naye alicheka, mwanzoni. Kila Jumapili mama yake alimnyoa upya, na kila Jumapili kicheko kilipungua, mpaka akawa anakaa chini ya wembe ametazama ukuta.

Aliwahi kuniambia, mama yake akiwa amekwenda bombani: "Baba Kaliza, kijana mmoja wa duka jirani alinisalimia vizuri nikiwa na nguo za kazi. Jana akanikuta njiani na hii. Alinipita." Nikasema kijana wa hivyo hana maana. Akanijibu, "Si yeye. Ni mimi nilijificha asinione."

Nilimfikishia mama yake. Akasema, "Aibu haiui." Wakati ule vilivyokuwa vinaua tulivijua wote. Gruneti zilitupwa masokoni na kwenye magari. Mukandekezi alikuwa na haki ya kuogopa, na ninayesimulia haya simcheki. Tatizo ni kwamba Uwase aliendelea kukua. Mama alifungua mshono wa kifua, akaubana tena kwa namna nyingine. Alishusha pindo. Alishona gauni la pili, kubwa zaidi, na la tatu. Kitambaa kinatii. Mwili wa msichana wa miaka kumi na saba hautii mtu.

Ikafika Julai ya tisini na mbili. Julai na Agosti ni miezi ya harusi, Béatha alikuwa amezidiwa, na Uwase aliondoka kila siku mapema. Na hapa mama yake alikosea, kosa ambalo nadhani lisingefanywa na mama wa mtaa mwingine wowote wa Kigali. Shule zilikuwa zimefungwa. Mtaa mwingine ungeona watoto wanacheza mpira tangu asubuhi, ungejua ni likizo. Biryogo haina likizo. Shule zikifungwa, watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani, wanapita mbele ya baraza yetu asubuhi na mifuko yao begani kama siku zote. Mukandekezi aliwaona wanapita. Mimi pia niliwaona. Tulikaa pale na pasi yetu, watoto wakapita, Uwase akapita nao na gauni lake la buluu, na hakuna kati yetu aliyeshtuka.

Aliyetuletea habari alikuwa Munyakazi, dereva wa minibasi anayelaza gari uchochoroni kwetu. Ilikuwa mchana. Alisimamisha gari katikati ya njia, akashuka akiacha mlango wazi.

"Mama Uwase, mtoto wako iko kwa askari, Kimihurura. Nimemuona amekaa chini kando ya bariyeri, baadaye wamemupeleka kituoni."

Mukandekezi alisimama, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Nilizima pasi, nikavaa koti langu. Munyakazi alitupeleka mwenyewe na hakutaka nauli, na njia nzima Mukandekezi alisema neno moja tu, "Likizo." Alilisema akitazama dirishani, alipoona viwanja vya shule vitupu.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ndogo ya matofali, benchi moja, meza moja. Nyuma ya meza alikaa mkuu wa kituo, mtu wa makamo aliyeshika shavu kwa sababu ya jino. Askari aliyemkamata alisimama mlangoni, kijana, amejivuna. Uwase alikuwa kwenye benchi, magoti pamoja, vumbi mpaka shingoni. Hawakuwa wamempiga. Juu ya meza mfuko wake ulikuwa umemwagwa: mkasi, chaki, shanga ndani ya kopo la maziwa, na shela ya bibi harusi iliyopambwa nusu.

Askari alianza kueleza kwa kile Kiswahili cha jeshini. "Mimi nimemuuriza, wewe mutoto iko soma wapi, masomo imefungwa? Amenyamaza. Nafungua mufuko, hakuna daftari, iko mukasi! Mutu anavaa kitu si yake, iko icyitso tu."

Icyitso ni mshirika wa adui. Miaka ile neno hilo lilitosha kumfanya mtu asionekane tena.

Mkuu wa kituo alimwashiria anyamaze. "Mama," alisema, "kijana wangu hajui kama huyu ni mtoto anayejifanya mkubwa, au mkubwa anayejifanya mtoto. Mimi nimeona shela, sioni bunduki. Jino linaniuma na nataka kumaliza. Wewe ndiye umemzaa. Sema wewe."

"Ni mtoto," alisema Mukandekezi.

"Miaka mingapi?"

"Kumi na tatu."

Alisema bila kupepesa. Mkuu akamtazama Uwase, akatazama gauni, akarudi kwake.

"Sawa. Kama ni mtoto, mchukue sasa hivi, mwende nyumbani. Lakini mtoto hatembei peke yake katika mji huu wakati wa vita. Nikimwona tena kwenye barabara yangu bila wewe umemshika mkono, nitawaweka ndani wote wawili. Kama ni mtu mzima asiye na kitambulisho, hilo ni kosa la kawaida. Atalala hapa, kesho atapelekwa komini, ataandikwa, atalipa faini, atakwenda zake. Chagua."

"Ni mtoto," alirudia Mukandekezi, na tayari alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kwenye benchi. "Simama, mwana wangu, twende."

Uwase hakusimama.

"Mama, waambie kweli."

"Simama."

"Afande," Uwase alimgeukia mkuu wa kituo, "mimi nina miaka kumi na saba. Nafanya kazi Gisimenti. Naomba niandikwe."

Mukandekezi alicheka, kicheko kibaya cha mtu aliyebanwa. "Anaota, afande. Jua limempiga."

"Mama." Uwase alikuwa analia sasa, lakini maneno yalitoka yamenyooka. "Ukinitoa leo mimi ni mtoto, kesho nitakaa wapi? Ndani? Na kesho kutwa? Siku askari akiingia nyumbani, nitakuwa mtoto kwa nani? Leo asubuhi wameniuliza mimi nani, nikakosa jibu. Nilikaa pale chini, sina hata jina la kuwaambia. Niliogopa hiyo kuliko bunduki. Heri wanichukie nikiwa najulikana."

Yule kijana wa mlangoni aliangalia buti zake. Mimi nilitaka kusema, Mukandekezi, mchukue binti, hii nchi si ya kuonyesha ushujaa. Nilitaka pia kusema, mwache. Yote mawili yalinijaa mdomoni na nikashindwa kuchagua. Sikuwa mama yake.

Mukandekezi alimtazama binti yake. Sijui aliona nini. Ninachojua ni kwamba alikaa chini, kwenye benchi, kando yake, na akakaa kama mtu aliyebeba gunia toka mbali akaambiwa hapa si penyewe. Kisha akasema, bila kumwangalia mtu:

"Amezaliwa mwaka wa sabini na tano. Anaitwa Zaina Uwase. Baba yake Usumani, ni marehemu."

"Kabila la baba?" aliuliza mkuu, kalamu mkononi.

Mukandekezi aliutazama mshono wa gauni. Alijua anachokifanya. Mwaka mzima na zaidi alikuwa ameshona, amebana, amenyoa, ili tu swali hili lisiulizwe, na sasa ameulizwa yeye mwenyewe, na jibu litoke kinywani mwake.

"Mtutsi," alisema.

Mkuu wa kituo akaandika. Hakuinua kichwa. Akasema chumba cha wanawake kina mama wawili wauza mboga waliokamatwa asubuhi kwa kupanga bidhaa njiani, na mmoja wao, mzee kidogo, alipiga kelele kutoka ndani kwamba mtoto atalala ubavuni kwake na asiguswe na mtu. Mukandekezi alimshukuru kupitia ukutani. Alivua khanga yake ya juu, akampa Uwase ajifunike. Halafu akanyoosha mkono kuweka sawa kola ya gauni, na mkono ukasimama hewani. Akaurudisha.

"Kesho nikufuate komini?" aliuliza.

Sijawahi kumsikia akimuuliza binti yake kitu namna ile, kwa kungoja jibu.

"Uje, Mama," Uwase alisema. "Lakini ukae nje."

Tulirudi kwa miguu. Munyakazi alikuwa ameondoka na gari, na Mukandekezi hakutaka kupanda lingine. Alitembea mbele yangu, polepole, mabega chini. Njiani nilimwambia amefanya vizuri. Hakujibu, na baada ya hatua chache nilimwambia sina hakika. Hilo alilijibu: alitikisa kichwa, kukubali. Jua lilikuwa linashuka na watu walianza kuharakisha, kwa sababu muda wa kutotoka nje ulikuwa unakaribia.

Kwenye bariyeri ya kuingia mjini askari alitusimamisha. Hakuwa yule wa mchana. Kijana mwingine, mpole, labda mgeni kazini. Alitazama kitambulisho changu akanirudishia. Alichukua cha Mukandekezi, akakisoma, akataka kumpa, kisha akaona uso wake.

"Mama, unaria nini? Iko msiba?"

"Hapana," alisema Mukandekezi. Alijifuta kwa kiganja. "Binti yangu leo amekuwa mtu mzima."

Kijana alitabasamu kwa moyo mweupe kabisa, akamrudishia kitambulisho chake kwa mikono miwili.

"Hongera, mama," alisema.

Mukandekezi akapokea, akasema asante, na yule kijana akatuinulia kamba ya bariyeri tukapita.